Vidonge vya Muhsina

Mlango wa Bi Sayyida ulikuwa wa mti mzito, una misumari ya shaba yenye vichwa kama ndimu, na kazi yake yote ilikuwa kukaa wazi. Tangu afiwe na mumewe, hakuna mtu mtaani kwake, humo ndani ya ukuta wa Maskati, aliyewahi kuukuta umetiwa komeo kabla ngoma ya usiku haijalia na lango la mji halijafungwa. Anayepita kichochoroni akanusa kahawa, huingia. Asiyenusa, huitwa. "Njoo wewe, unakwenda wapi na jua hili? Nani kafa, nani kaoa?" Hayo ndiyo yaliyokuwa maamkizi yake, salamu zilifuata baadaye, mtu ameshakaa na tende mkononi.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaletwa Maskati bibi harusi angali kijana, na mpaka nywele zinamgeuka nyeupe Kiarabu chake kilikuwa bado kinanukia nazi. Mabinti zake waliolewa Matrah na Sib. Mwana wake wa kiume mmoja tu, Thabit, alikulia kwa bibi yake huko huko Unguja. Mwaka wa sitini na nne mambo yalipoharibika, Thabit alishuka bandarini Maskati na sanduku moja na mke mmoja. Mke huyo ndiye Muhsina.

Muhsina alikuwa mtoto wa watu, mpole, amesoma skuli, na sauti yake ukitaka kuisikia lazima unyamaze. Sasa katika nyumba ile nani wa kunyamaza? Mama yake mzazi alibaki Unguja, habari zake zikija kwa nadra na kwa mdomo wa watu. Mimba yake ya kwanza ilitoka hata haijaonekana. Mwaka huu wa sitini na saba alikuwa na ya pili, imeingia mwezi wa saba, na Thabit yuko Kuwait anafanya kazi kwenye maghala ya bandari. Bi Sayyida aliitazama mimba ile kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Usiiname. Usinyanyue. Usipande ngazi. Kula, mwanangu, kula.

Lakini lilikuwapo jambo moja lililomkaa Bi Sayyida kooni kama mwiba wa samaki, nalo lilikuwa jambo la magharibi.

Nyumba ile jioni ndiyo ilikuwa ikipata uhai. Mikeka hutandikwa uani, kandili hutundikwa nguzoni, wanawake wa mtaa wakimaliza kusali magharibi huingia mmoja mmoja, na mdila wa kahawa huzunguka mpaka isha. Na kila siku, jua likianza kukaa juu ya majabali, mwadhini hata hajapanda, Muhsina husimama na kusema kwa kile kisauti chake, "Mama, nnakwenda kupumzika." Akishaingia chumbani, humwoni tena mpaka asubuhi.

"Mkaza mwana wako kashafunga duka," Kheiria husema. Kheiria alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwembamba asiyeweza kumeza neno likishamfika mdomoni. "Au sisi hatunukii vizuri?"

"Mjamzito yule. Anachoka."

"Mimba gani inayochoka kwa saa? Mie wangu wote nimewazaa mdomo wangu ukisema."

Hapo Shaikha, jirani wa mbele, mnene na mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, hudakia. "Kweli! Yule wa mwisho ulimzaa unamalizia habari ya talaka ya watu. Mkunga akikwambia sukuma, wewe unamwambia ngoja!"

Wakicheka wote, Bi Sayyida hucheka nao. Lakini wakishaondoka, akikunja mikeka peke yake, jambo lile lilimuuma. Nyumba imejaa watu kila siku ya Mungu, na yule mmoja anayemtaka sana akae naye ndiye anayemkimbia. Tena siku moja walipishana uani, kiza ndiyo kwanza kinaingia, Bi Sayyida akamwekea uso wa kucheka, na Muhsina akampita kama anayepita ukuta. Hakumtabasamia. Hakusema lolote. Bi Sayyida alisimama pale pale na kicheko chake usoni hakina mwenyewe. "Hanipendi," alijiambia. "Mtoto wa skuli, mie nnampigia makelele. Akishazaa atamwambia mumewe amtafutie nyumba yake, na mjukuu wangu nitamwona Idi kwa Idi."

Basi, mambo yako hivyo, akafika Ghanim kutoka Kuwait.

Ghanim alikuwa mtoto wa ndugu yake marehemu mume wa Bi Sayyida, baharia kwenye meli ya mizigo, kijana wa adabu. Alisimama nyuma ya mlango, kageuza mgongo kwa heshima ya wanawake waliokuwamo, akapitisha mkoba kwa mkono mmoja.

"Bi mkubwa, salamu nyingi za Thabit. Hizi tofi, hizi biskuti, na hii chupa ni ya Muhsina. Ni vidonge vya nguvu, daktari kasema..."

"Kwanza nambie, kanenepa?"

"Kidogo. Sasa hii chupa..."

"Anakula kwa nani? Nasikia huko Kuwait wana mashine inayotia baridi chumba kizima. Kweli hiyo?"

"Kweli, Bi mkubwa. Huyo daktari..."

"Yarabi toba! Na watu hawaugui vifua? Jamani mmesikia? Chumba kizima! Na wanawake wa Kuwait, Ghanim, wanavaaje siku hizi?"

Ghanim alijibu alichoweza kujibu, meli ikawa inamngoja, akaaga na yale ya daktari yamebaki mdomoni mwake.

Na hapa lazima mtu aijue desturi ya nyumba zile. Kitu kilichotoka safarini hakina mwenyewe. Ukiletewa kikapu cha tende, kopo la biskuti, hata sabuni yenye harufu, jirani zako lazima waonje, na kama ni kidogo basi kila mmoja apate hicho kidogo. Ukila peke yako, mtoto wa jirani akaona karatasi ya tofi kwenye jaa lako, umejichoma uso mtaa mzima. Kwa hiyo Bi Sayyida aliposikia "ya Muhsina", alisikia sawasawa. Ila kwake yeye, kitu kuwa cha Muhsina maana yake ni kwamba Muhsina anapewa mwanzo, na wengine wanafuata.

Asubuhi ya pili sinia la kahawa lilitoka limepambwa. Tende, halua, tofi, na katikati kisahani cha kioo kimejaa vile vidonge, vyekundu, vinang'aa kama punje za komamanga.

"Muhsina wangu kwanza, ndiye mwenye navyo," alisema Bi Sayyida, akamtilia kimoja kiganjani.

Muhsina alikitazama kidonge, akakitazama kisahani, akawatazama wale wanawake walionyoosha mikono. Midomo yake ilifunguka kidogo. Halafu ikafungika. "Ahsante, mama."

"Vina nini ndani?" aliuliza Kheiria.

"Nguvu."

"Nguvu ya wapi?"

"Ya Kuwait."

"Basi nipe viwili. Goti langu hili linataka petroli."

Na siku ya pili wakarudi. Kheiria akasema goti limelegea, kapanda darini mara mbili bila ya kusema ah. Shaikha akasema kalala usingizi wa bibi harusi. Habari zikatembea, wakaja hata wasiokuja siku zote, na Bi Sayyida alikuwa na furaha ya kupasuka, maana nini raha ya kuwa na mwana Kuwait kama si hiyo? Kila asubuhi kisahani kilizunguka na mdila, kila asubuhi Muhsina alichukua kimoja chake, akakinywa kwa maji, akarudi kukaa kimya penye nguzo.

Ikafika asubuhi moja wageni wakaja wachache, na wale waliokuja wamenywea. Hakuna aliyecheka. Kheiria aliukataa mkono uliomletea kisahani. Bi Sayyida naye hakuwa na raha, kwa sababu yake mwenyewe ambayo asingemwambia mtu. Alikuwa ameanza kunywa maji ya shayiri kwa siri.

Shaikha ndiye aliyeshindwa. Aliweka kikombe chini kwa kishindo.

"Nitasema, na mwenye kuona haya azibe masikio. Mkojo wangu umegeuka manjano."

Uani ukasikika mdila unavyochemka.

"Manjano vipi?" Kheiria aliuliza taratibu.

"Manjano ya bizari. Manjano ya kupikia wali."

"Tangu lini?"

"Siku nne tano hizi."

Kheiria alijishika kifua. "Wallahi na wangu!"

"Na wangu," alisema mwanamke mwengine kutoka pembeni, na mwengine, na mwengine, na Bi Sayyida akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, "Na wangu mie." Makelele yaliyopasuka hapo yalisikika hadi msikitini. Kila mmoja alikuwa amejificha kwao akidhani kapatwa peke yake, mmoja kaandika wasia kichwani. Wakaanza kuvutana kope kutazamana weupe wa macho, kutoleana ndimi, kubonyezana maini.

"Ni vile vidonge!" alisema Kheiria. "Sayyida, shoga yangu, umetulisha nini?"

Meli ya Ghanim ilikuwa bado inapakia. Akatafutwa, akaletwa mbio, akasimama tena nyuma ya mlango na mgongo wake. Safari hii hakuna aliyemuuliza mavazi ya wanawake wa Kuwait.

"Ni vitamini, Bi mkubwa. Daktari kasema mkojo utageuka rangi, hamna haja ya kushituka, ni dawa tu inatoka. Lakini nani kavila? Vile ni vya Muhsina, kimoja kila siku, mpaka ajifungue. Kwa sababu ya macho yake."

"Macho yake yana nini?"

Mgongo wa Ghanim ulisita. "Nilidhani mnajua. Jua likizama haoni. Thabit ndiye aliyempelekea daktari habari. Daktari kasema mwilini mwake vitamini ya macho imekwisha, mtoto anaivuta na yeye hana, na akiachwa hivyo macho yanaweza kuharibika kabisa, na mtoto naye akazaliwa hana akiba ya kumlinda."

Hakuna aliyemtazama Ghanim. Wote waligeuka kumtazama Muhsina, aliyekuwa penye nguzo anachambua mchele. Alizidi kuinama. Halafu akaliweka sinia kando, akasimama, na mchana kweupe, jua limejaa uani, akaingia chumbani kwake.

Bi Sayyida aliichukua chupa, akaitikisa. Vidonge vilivyobaki vilicheza chini kama mbegu kwenye kibuyu kikavu.

"Tumemlia mjamzito dawa yake," alisema Shaikha, na kicheko chake chote kimemtoka.

"Tumemlia, na tumeikojoa," alisema Kheiria.

Bi Sayyida aliingia chumbani na kukaa chini, mgongo ukutani, karibu na kitanda alichokuwa amekaa Muhsina. Alikaa hapo muda mrefu bila kusema kitu, jambo ambalo pengine hajapata kulifanya tangu azaliwe.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu mimba changa. Mwanzo nilidhani kandili ndiyo chafu. Nikawa naisugua kioo kila siku." Muhsina alicheka kidogo, kicheko cha maji maji. "Nikamwambia Thabit kabla hajasafiri, nikamwapisha asiseme."

"Na mie je? Mie si mama yako hapa? Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia wewe, mama, mtaa mzima ungejua kabla kahawa haijapoa."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenzake unyoya begani. Bi Sayyida alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kweli," alisema.

"Na wangesema nini? Kaja na sanduku moja, mimba ya kwanza hakuweza kuiweka, na sasa kipofu. Nikaona bora waseme najidai."

"Siku ile uani, nilipokuchekea. Ukanipita."

Muhsina aligeuza uso kwa ghafla. "Ulinichekea? Nilisikia miguu tu, mama. Sikujua ni nani. Niliona haya kuuliza."

Bi Sayyida aliushika mguu wa Muhsina uliovimba, akawa anauminyaminya taratibu kama alivyokuwa akiwaminya mabinti zake. "Na vidonge? Uliniona nnavigawa, kila asubuhi. Hukusema."

"Ulikuwa umefurahi," alisema Muhsina.

Alipotoka nje, macho mekundu, Bi Sayyida aliwakuta wote wamekaa palepale. Hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani. Ghanim alikwisha ahidi kumwambia Thabit alete chupa nyingine, lakini meli ile ilikuwa na bandari nyingi za kupitia, na mimba haingoji meli.

"Ini," alisema Shaikha. "Bibi yangu macho ya usiku akiyatibu kwa ini. Unalichoma kidogo, unalila."

"Mafuta ya papa," alisema Kheiria. "Ya maini ya papa. Kijiko asubuhi, kijiko jioni."

"Yale ya kupaka vyombo vya bahari? Tunamtibu mtoto wa watu au tunamziba asivuje?"

"Cheka wewe. Mabaharia wote waliokunywa wanaona mpaka Hindi."

Sauti ndogo ikatoka mlangoni mwa chumba. "Ndiyo hiyo hiyo. Skuli walitufundisha. Iliyomo kwenye ini na iliyomo kwenye kidonge ni moja."

"Kama ni moja," Kheiria alisema, "mbona mie nimekula maini umri wangu wote na mkojo wangu haujawahi kuwa wali?"

"Kwa sababu kwenye kidonge wametia na vitamini nyengine, na mwili ukishatosheka unatupa iliyozidi. Nyie mmeshatosheka."

Wanawake wakatazamana, halafu wakaangalia chini, kila mmoja kwenye tumbo lake lililotosheka.

Kesho yake kabla ya adhuhuri jiko la Bi Sayyida lilikuwa halina pa kuweka mguu. Kila aliyekula kidonge alileta cha kulipa. Ini la mbuzi, ini la ng'ombe, ini la papa limefungwa kwenye jani la mtende linavuja, chupa ya yale mafuta yenyewe, mayai, boga zima la kubebwa na watu wawili, na mchicha ulioletwa na punda kutoka Matrah kwa binti yake Bi Sayyida, maana habari zilikwisha fika na huko. Wakamchomea. Wakamketisha katikati, wakamzunguka. Muhsina alitia tonge mdomoni, akatafuna, uso ukamgeuka rangi, akainuka mbio akashika ukuta wa choo.

Wakajaribu la kukaanga. Likarudi. Wakajaribu supu. Ikarudi. Mafuta ya Kheiria hata hayakufika mdomoni. Harufu tu ilitosha.

"Niacheni, tafadhali," alisema Muhsina, jasho likimtiririka. "Nitakunywa vidonge vilivyobaki. Nitangoja vyengine."

"Kidonge kakitengeneza mtu kiwandani, ini kaliumba Mungu!" Kheiria alipaza sauti. "Watu wamechinja kwa ajili yako, na wewe unatema?"

Machozi yakamdondoka Muhsina mbele ya watu. Na hapo Bi Sayyida akafanya jambo lililosimuliwa mtaani kuliko hata habari ya mkojo. Alisema, "Haya, mashoga zangu, ahsanteni. Nendeni makwenu." Akawasindikiza mmoja mmoja kwa heshima zote, akaukamata ule mlango kwa mikono miwili, akausukuma ukalia kama ngamia, akatia komeo. Jua lilikuwa bado juu. Nje Shaikha alisikika akiuliza, "Amefunga? Sayyida kafunga mlango?" na Kheiria akijibu kwa sauti ya msibani, "Kafunga."

Magharibi ikaingia, na kwa mara ya kwanza Muhsina hakukimbilia chumbani. Walikaa uani wawili tu, bega kwa bega.

"Unaona nini sasa?" aliuliza Bi Sayyida.

"Kandili naiona kama doa. Wewe sikuoni."

"Hukosi kitu. Mie mzee, nimekunjika." Akauchukua mkono wa Muhsina, akauweka kwenye shavu lake. "Basi nitazame hivi."

Vidole vya Muhsina vilitembea pale polepole.

"Kwenu, mama yako akikulisha nini ukiwa mgonjwa?" aliuliza Bi Sayyida.

Tangu Muhsina ashuke melini, watu walimuuliza sana yaliyotokea Unguja. Hakuna aliyemuuliza chakula cha kwao. "Mchicha wa nazi," alisema. "Boga la tui. Na katlesi za viazi na nyama. Mama akipika katlesi nilikuwa nala hata kama nina homa. Nyama sijui ilikuwa ya nini, imesagika yote, imejaa ndimu na thomu na pilipili mbichi. Huioni."

"Ini nalo husagika," alisema Bi Sayyida.

"Harufu, mama."

"Nitakwambia siri, na hii kweli ni siri, mimi nina zangu chache. Mie ini silili. Tangu mdogo. Miaka yote nawapikia watu nikiwa nimeziba pua. Basi tufanye hivi: wewe ukila moja, nami nala moja. Ukitapika, tutatapika sote, choo kile kinatutosha."

Muhsina alicheka. Kicheko kikubwa kilichomshangaza hata mwenyewe, akashika tumbo.

Katlesi za kwanza zilishindikana, thomu haikutosha. Za pili Bi Sayyida ndiye aliyekimbilia choo, na Muhsina aliyebaki amekaa anacheka alijikuta kamaliza yake. Za tatu, ini limechemshwa na kusagwa na viazi mpaka halijijui, limekamuliwa ndimu bila huruma, zilikaa. Kila alasiri wakawa wanakula wawili hao jikoni, pua wamebana, wanahesabiana matonge kama watoto wanaocheza, na juu yake mchicha na boga la tui. Vile vidonge vilivyobaki Muhsina alivinywa vyote, kimoja kimoja, na Bi Sayyida alisimama mlangoni kumlinda utadhani askari wa forodha.

Mlango aliufungua tena, sharti moja: anayeingia anasema kwa zamu. Halikufuatwa na mtu. Lakini Kheiria alikuja siku ya kwanza na mkungu wa ndizi, akamwekea Muhsina miguuni, akasema, "Hizi hazina ini," na kwake yeye huko kulikuwa kuomba radhi.

Meli ya Ghanim ilirudi mapema kuliko walivyotarajia. Alisimama nyuma ya mlango na chupa ya pili, akatangaza yote aliyotumwa mwanzo mpaka mwisho, na Bi Sayyida alimsikiliza mpaka mwisho, kimya, hata Ghanim akauliza, "Bi mkubwa, upo?" Ghanim alipoondoka, Bi Sayyida aliificha chupa ndani ya kanga, akaipeleka moja kwa moja chumbani. Shaikha aliyekuwa uani aliliona lile tuta, akageuza uso akatazama mbingu.

Mtaa ule mpaka leo haujaafikiana kilichomtibu. Kheiria anashikilia kwamba ni katlesi, na hasa mafuta yake ya papa ambayo hayakunywewa lakini yalikuwamo ndani ya nyumba. Muhsina husema ni vyote, na hapati wa kumsikiliza. Kwa kweli vilikutana katika siku hizo hizo, hapana anayejua kipi kilitangulia.

Ilikuwa magharibi, wanawake wamekwisha anza kuingia uani, kandili haijawashwa. Bi Sayyida alikuwa jikoni, mikono imezama katika unga, katlesi ya kwanza ipo mafutani. Alisikia miguu, akadhani ni Shaikha kaja kuonja. Alikuwa Muhsina, tumbo mbele, mikono yote miwili chini. Haikugusa ukuta. Alikuja mpaka mbele yake, akasimama, akamtazama, akanyoosha kidole moja kwa moja hadi shavuni.

"Mama, una unga hapa," alisema, akaufuta.

Bi Sayyida alibaki na mikono hewani.

Muhsina akageuka, akatoka uani, akapita kati ya mikeka na viatu vya watu. "Bi Kheiria, sogea kidogo," ilisikika ile sauti yake ndogo. "Umekalia mto wangu."

Likazuka zogo. Umeuona? Umeuona kweli? Rangi gani? Na hii nimeshika nini? Sogeeni jamani, apate pa kukaa!

"Sayyida!" alipiga kelele Shaikha. "Sayyida wee, kitu kinaungua huko jikoni!"

"Kiache kiungue," alisema Bi Sayyida.